Aliyeitika Nyuma ya Pazia

Mdomo wa bibi harusi ulikuwa nyuma ya sauti yake. Kidogo tu, sekunde chache. Mtu asiyeijua kazi ya video angetazama mpaka mwisho asione kitu. Salhiya aliona. Akasimamisha, akarudisha, akatazama tena.

Kwenye kanda, Ummkulthum, bibi harusi, amekaa juu ya busati chumbani, kafunikwa shela la kijani, na kioo cha kabati kinamwonesha uso kwa ubavu pale shela lilipoachia. Nje ya pazia la mlango, ami yake Mzee Machano, ambaye ndiye walii wake, msimamizi wa kumwoza, anamtaka idhini mbele ya mashahidi: ameridhia kuozwa Ismail bin Kheir? Sauti ya msichana inajibu, laini kabisa, "Naam, nimeridhia." Wanaume wanamhimidi Mungu, nyayo zao zinarudi ukumbini. Na hapo ndipo midomo ya Ummkulthum inapoanza kutikisika.

"Sabri!" Salhiya akaita.

"Naam," akaitika Sabri kutoka upande wa pili wa mlango.

Sabri ndiye mwenye studio, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa pale Kiponda. Lakini video ya upande wa wanawake haitazamwi na mwanamme. Hiyo ndiyo ahadi wanayopewa wenye harusi, na kwa ahadi hiyo ndiyo wanakuja. Bashira hupiga picha, Salhiya huhariri, na Sabri, aliyewafundisha wote wawili, hufukuzwa chumbani mwake mwenyewe akakae kwenye ngazi, atibu kompyuta asiyoiona kwa maelezo ya mdomo.

"Picha na sauti haziendi pamoja."

"Imepigwa kwa kamera au simu?"

"Simu ya Bashira. Kamera iliishiwa na betri."

"Basi ndo hapo. Simu huhesabu picha zake ovyo, sekunde hii nyingi, sekunde ile chache. Sauti imekwenda sawa, picha imekwenda kwa maringo. Igeuze kwanza iwe ya kiwango kimoja, ndo uipange upya, ndo uitoe iwe faili jipya."

"Nshafanya."

"Na kile kinasa sauti? Kama kimerekodi kwa kiwango chake na programu ina chake..."

"Nshafanya, Sabri. Unaniona mie nimeanza jana?"

"Haya, iweke nisikie."

Akaiweka. Sabri akasikiliza kimya kule ngazini, kisha akacheka. "Mbona safi? Neno kwa neno. Wewe umechoka, kanywe chai."

"Safi kwa sababu unasikia tu. Huoni."

"Si uniruhusu nione basi."

"Hebu nenda zako."

Lakini hakuwa amechoka, na chai alikuwa ameshakunywa. Salhiya alikuwa mtu wa hoja. Chuo kikuu alikuwa akisimama kwenye midahalo akimshika mpinzani kwa neno lake mwenyewe mpaka ukumbi unapiga meza, na sasa hoja iliyokuwa mbele yake ilikuwa hii: kosa la simu halichagui mtu. Picha ikichelewa, wanachelewa wote. Mbona basi Bi Mashavu, shangazi yake bibi harusi, aliyesimama karibu na mlango humo humo chumbani, anasema "Alhamdulillahi" na mdomo wake unakwenda sawasawa? Mbona kijiko kinaanguka kwenye sinia na mlio unakuja palepale? Faili moja, sauti moja, na aliyetoka kwenye mstari ni mmoja.

Akaitoa upya. Pengo likawa refu zaidi. Akaipanga kwa mkono, akaikaza mpaka programu yenyewe ikaonesha kila kitu kipo mahali pake, akaitoa tena. Kompyuta ikavuma, ikamaliza, akaifungua, na safari hii sauti ilisema "Naam, nimeridhia" wakati Mzee Machano hajamaliza kulitaja jina la bwana harusi.

Chumbani mkaingia harufu. Harufu ya kikuba, asumini na rehani zilizofungwa pamoja, lakini zilizolala siku nyingi ndani ya mfuko wa plastiki. Salhiya akainuka akafungua dirisha. Nje jua lilikuwa kali, muuza kahawa anagonga vikombe, watu wanapita. Harufu haikutoka.

Simu ikalia. Bi Mashavu.

"Salhiya mwanangu, vipi kanda yetu? Fungate inakwisha, tunamhamishia mtoto Fumba kwa mumewe. Wakwe zetu wanataka kuiona."

"Kuna tatizo dogo pale kwenye idhini, Bi Mashavu. Uso na sauti..."

Bi Mashavu hakumwacha amalize.

"Uso una kazi gani?" akasema Bi Mashavu. "Utie maua. Si kompyuta zina maua yanayoelea? Mfunike maua uso wote. Sauti ndiyo usiiguse. Wakwe wanataka kusikia."

Salhiya aliiweka simu chini taratibu. Sasa alijua anamshuku nani. Kwa hivyo hii si kazi ya kompyuta, alijiambia, ni kazi ya watu: mtu kaitika kwa niaba ya mtu. Akaikuza picha mpaka midomo ya Ummkulthum ikajaa kioo cha kompyuta, akaizima sauti kabisa, akamwita Bashira aje atazame.

Bila sauti, midomo ilisema wazi. Haikusema naam. Ilisema, "Ami, sitaki," ikarudia, "sitaki, ami," na kichwa kikatikisika chini ya shela, na macho yakatazama kwenye kioo cha kabati, moja kwa moja kwenye simu ya Bashira.

Bashira akashika kifua. "Wallahi, shoga, mie nilikuwa hapohapo. Nilisikia naam."

"Nani aliyesema? Mlikuwa wangapi?"

"Mie, yeye na Bi Mashavu. Na Bi Mashavu wakati ule alikuwa ananisukuma mie nisizibe mlango. Hakuitika yeye. Hakuitika mtu, Salhiya."

"Kuitika kumeitikwa. Ikiwa si mtu, sema basi ni nini."

Bashira aliinuka. Alichukua buibui lake, wakatoka.

Nyumba yao bibi harusi iko Mkunazini, ghorofa mbili, ngazi za mawe zilizoliwa katikati. Bi Mashavu alikuwa mlangoni juu, ushungi wake umekaa vizuri, tabasamu limekaa vizuri.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba. Umeleta kanda?"

"Nimeleta swali. Nataka kumuuliza Ummkulthum mwenyewe."

"Mwari wa fungate hafanyiwi mahojiano. Swali lako niulize mie."

"Ndiyo hilo hasa," alisema Salhiya, "kila swali lake unaulizwa wewe," na akapita chini ya mkono wake kabla haujashika fremu ya mlango.

Ummkulthum alikuwa amekaa kitandani, mikono yenye hina imelala mapajani. Salhiya alimjua tangu chuo cha Kurani walipokuwa wadogo. Msichana wa maneno mengi, mwenye kucheka mpaka anapigwa. Salhiya alifungua kinywa kumwamkia.

"Sijambo, Salhiya. Za kwenu?" ikasema sauti ya Ummkulthum.

Salhiya alikuwa hajatoa hata herufi. Na midomo ya Ummkulthum ilikuwa imefungwa, imefungwa kabisa, na ilibaki hivyo mpaka Bashira nyuma yake alipoanza kusoma dua kwa kunong'ona. Ndipo ilipofunguka polepole kama ya mtu anayesema chini ya maji, na machozi yakaanguka juu ya hina. Harufu ya kikuba kilichooza ilikuwa humu. Ilikuwa imetokea humu.

"Si unaona?" alisema Bi Mashavu. "Mtoto katulia. Kabla ya harusi alikuwa mkali, havumiliki. Sasa ukisema kitu, keshaitika."

"Hajaitika yeye, bibi. Tazama mdomo wake!"

"Mdomo, mdomo! Hata angenyamaza, mwari akinyamaza si ndo karidhia?"

"Hakunyamaza," alisema Salhiya, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira. "Kanyamazishwa. Hayo mambo mawili si kitu kimoja, na wewe unajua si kitu kimoja, ndo maana ukataka maua."

Wakati huo bwana harusi alikuwa amesimama mlangoni, pale ngazi zinapoishia, Ismail, fundi umeme, kijana mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Salhiya alimgeukia naye. "Na wewe ulijua?"

"Nikajuaje? Mie nilikuwa ukumbini na shehe. Wakaja wakasema karidhia, nkasema nimekubali."

"Ungeuliza."

"Ningemuuliza nani, dada'angu? Nimeletewa jibu tayari." Akashusha sauti, akatazama juu. "Sijamgusa. Nnalala kwenye mkeka pale mlangoni. Kila nikitaka kumwita, nshaitikiwa. Na hiyo sauti haitoki kitandani. Inatoka kwenye boriti." Akameza mate. "Nimemwita mganga, Bi Kazija wa Kidichi. Yule, anapanda."

Bi Kazija alipanda kwa vishindo na kuhema, mwanamke mnene mwenye miwani na simu mbili, akazisema ngazi kabla hajamsalimia mtu. "Majini ya mjini yote yanakaa ghorofani. Hakuna hata moja lenye huruma na magoti ya mwenzake. Assalaam alaykum."

Salhiya alimtazama kwa jicho la upande. Waganga wengine wanauza maji yenye wino kwa maneno hayohayo. "Sasa wewe utataka jogoo wa rangi gani?" aliuliza.

"Sitaki jogoo, sitaki na ulimi wako. Kaa hapo." Bi Kazija alivuta pumzi chumbani mara moja, akakunja uso. "Huyu hakuvamia. Kaalikwa. Nani alimwalika?"

Bi Mashavu aliushika ushungi wake.

"Mie sifukuzi mgeni wa watu," alisema Bi Kazija. "Ntashuka ngazi hizo hizo. Mtoto akivuka mlango kwenda Fumba hali hii, sauti yake haimrudii. Kila akienda mbele sauti itakuwa mbele zaidi, mpaka apotee nyuma kabisa, abaki mwili wa kuitikiwa. Kwaherini."

"Nilifukiza udi tu!" Bi Mashavu akapasuka. "Nimemlea miye tangu mamaake kufa, kila posa anakataa, watu wanatucheka. Nilifukiza chini ya mto wake, nikasema yeyote mwenye ulimi mzuri amsaidie mwanangu. Basi. Nilimuombea ulimi mzuri. Hiyo ni dhambi?"

"Ukapewa," alisema Bi Kazija. "Sasa tutafanya hivi. Aliyemuuliza amuulize tena, lakini aingie ndani amtazame usoni. Na humu asimjibie mtu. Asimsaidie mtu, asimhurumie mtu kwa neno. Yule anakula mahali palipojibiwa na mwengine. Mkimjibia mara moja tu, mmempa nyumba."

"Na mtoto akisema hataki?" aliuliza Bi Mashavu. "Watu washakula pilau yetu."

"Pilau imeshashuka tumboni," alisema Salhiya. "Yeye bado yuko hai."

Mzee Machano aliitwa akaja, bakora mkononi, akasimama nje ya pazia kama alivyozoea. Ikabidi Bi Kazija amvute kanzu. Aliingia akiinamisha macho. Alikuwa hajawahi katika maisha yake kumtaka mwari idhini huku anamwona. Pazia likafungwa, dirisha likafungwa, ingawa alasiri ilikuwa bado inawaka nje na watoto wanacheza mpira uchochoroni.

"Ummkulthum binti Makungu," alianza mzee, "umeridhia kuozwa..."

"Naam, nimeridhia," ikasema boriti.

Mzee Machano, kwa mazoea ya miaka yote ya kuozesha mabinti wa ukoo, akasema "Alhamdulillahi" na kuanza kuinuka.

"Kaa, ami," alinong'ona Salhiya. "Mdomo haujafunguka."

Akakaa. Akauliza tena. Ikaitikia tena, mapema zaidi, kisha ikaitikia kabla hajauliza, kisha ikawa inaitikia tu, naam, naam, nimeridhia, kwa sauti ya Ummkulthum, na harufu ikashuka kutoka darini kama jasho la kuta, na pale walipokataa kuinuka ikabadilika ikawa sauti ya Bi Mashavu ikisema mwachieni mtoto, ikawa sauti ya Bashira ikilia, ikawa sauti ya Salhiya mwenyewe, ileile ya kwenye midahalo, safi, yenye mpango, ikieleza kwa hoja moja baada ya nyengine kwa nini jambo lililokwisha lisifukuliwe, na Salhiya alijibana ulimi kwa meno mpaka akaonja damu kwa sababu hoja zilikuwa nzuri na alikuwa na jibu la kila moja na jibu moja tu lingetosha kumfungulia mlango, na Bi Mashavu alikuwa ameziba kinywa chake kwa mikono miwili akitikisika, na mzee bado anauliza, umeridhia, mwanangu, umeridhia, akimtazama usoni huku machozi yakimtoka, mpaka boriti zikaanza kulia kama chombo kilichojaa kupita kiasi, na Ummkulthum akainua shingo, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu shela la kijani mdomo na sauti vikakutana palepale, bila ya pengo lolote.

"Sikuridhia, ami. Nilikwambia. Sikuridhia."

Nje mpira ukagonga ukuta, mtoto akapiga kelele ya goli. Harufu ikawa haipo.

Bi Mashavu alipiga magoti mbele ya mpwa wake, akataka kumkumbatia, na Ummkulthum akasema, kwa sauti yake mwenyewe iliyokwaruza kwa kutotumika, "Usiniguse bado, shangazi. Bado." Hakuna aliyemsemea zaidi ya hapo. Shehe aliyewaozesha aliitwa, akasikiliza, akasema hapakuwa na ndoa kwa binti huyu. Hana mume, hana eda. Ismail alichukua mkoba wake wa nguo. Mlangoni alisema tu, "Nisamehe, sikujua," na Ummkulthum akamjibu, "Najua hukujua, na hilo ndilo baya lenyewe." Akashuka ngazi peke yake, akapanda vespa yake, akarudi Fumba.

Salhiya aliifuta kanda nzima ile. Sabri alipouliza kule ngazini kosa lilikuwa nini, alimwambia, "Chanzo kilikuwa kibovu," na Sabri akaridhika.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, simu yake ililia. Ismail, kwa video. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa nyumba mpya ya Fumba, kuta nyeupe hazijatundikwa kitu, jua limejaa sakafuni, viti bado vimo ndani ya nailoni. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri mno.

"Salhiya," alinong'ona. "Wewe unajua kubishana. Nisaidie neno la kumwambia."

"Kumwambia nani?"

Ismail aligeuza simu kuelekea jikoni. Jikoni hapakuwa na mtu. Jiko lilikuwa linawaka, chungu kinatokota, na juu ya meza palikuwa na sahani mbili zimefunikwa kawa.

"Nimemwambia ndoa hakuna, shehe kasema," alisema Ismail. "Nimemwambia atoke."

"Shehe kasema hapana ndoa kwa Ummkulthum," ikasema sauti kutoka jikoni. Haikuwa tena ya Ummkulthum. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, mpole, mwenye subira. "Na sawa kabisa. Yeye hakuridhia. Lakini walii aliuliza, na mashahidi walisikia, na mtu akasema naam. Mimi ndiye niliyeridhia. Na wewe, bwana, ukasema nimekubali. Sasa mwambie huyo rafiki yako anioneshe kosa liko wapi."

Salhiya alifungua kinywa. Alilitafuta kosa. Alilitafuta kwenye jina, kwenye pazia, kwenye mashahidi, akaligeuza neno kwa neno kama alivyozoea kuwageuzia watu, huku Ismail akimtazama kwenye kioo cha simu na midomo yake ikianza kutetemeka kwa jinsi Salhiya alivyokawia.

"Ismail," ikaita sauti. "Chakula kinapoa."

Ismail aliilaza simu juu ya meza, ikabaki inatazama dari.

"Naam," akaitika, na nyayo zake zikaelekea jikoni.